DM (mwendeshaji wa mchezo) amekataa historia ya mhusika wangu eti ni ndefu. Huu si uvivu wa kusoma?

Mchora_Ramani
Wakuu salaam. Naomba mnishauri kabla sijakosana na mtu.

Tunaanza kampeni mpya (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) ya D&D, yaani Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu. Ni toleo la tano, tunatumia kile kitabu cha kanuni cha 2014. DM alisema kila mtu aje na mhusika wa levo ya kwanza pamoja na historia yake. Mimi nikakaa nikaandika kisawasawa. Mhusika wangu anaitwa Tarim, ni mwizi. Kijiji chao kilichomwa moto akiwa mdogo, wazazi na ndugu zake wakateketea, akalelewa na chama cha wauaji, alipokua akamuua mkuu wa chama, akatoroka na upanga wake, akavuka jangwa, akafundishwa na mzee kipofu, akapendana na binti mfalme, na binti mwenyewe akauawa. Nimeweka mpaka nasaba ya mfalme na ramani ya jangwa.

DM kanijibu: "Nzuri. Nipe sentensi tano."

Msimamo wangu: DM anayekimbia historia ndefu ni mvivu. Mhusika asiye na historia ni namba tu kwenye karatasi. Nawasilisha.

Goblini_Mstaafu
Siti ya mbele nimeshakaa.

Dadu_Ishirini
Yatima. Kijiji kimeungua. Mzee kipofu. Umesahau kovu tu mkuu.

Mchora_Ramani
Kovu lipo, ukurasa wa tatu.

Mama_Kampeni
Mchora_Ramani, mimi nakaa upande wa DM wako, ila urefu haunisumbui. Hebu pitia andiko lako uhesabu walio hai. Wazazi wamekufa, ndugu wamekufa, mkuu wa chama amekufa, binti mfalme amekufa. Nikiwa mimi ndiye DM nataka kukuchokoza kikao cha tatu, namtuma nani aje kubisha hodi? Kabaki mzee kipofu, naye umemtelekeza ng'ambo ya jangwa.

Halafu kuna suala la levo. Mwizi wa levo ya kwanza ana pointi 8 za uhai, jumlisha kidogo kutokana na uimara wa mwili wake. Goblini mmoja kwenye kitabu cha mazimwi anapiga wastani wa 5. Yaani huyo aliyemchinja mkuu wa wauaji, goblini akimpata mara mbili yuko chini anagaragara. Wenzako mezani watacheka, na watakuwa na haki.

Bwana_Kanuni
Mbona kazi yote imeshafanywa? Kitabu cha 2014 kina suli 13, yaani maisha ya mhusika kabla ya mchezo: Mhalifu, Laghai, Mwanajeshi, Baharia, Mtawa wa Upweke na kadhalika. Kila usuli una majedwali manne. Tabia 8, anachokiamini 6, kinachomfunga na watu au mahali 6, dosari 6. Unarusha dadu, dakika mbili umemaliza. 8×6×6×6 ni wahusika 1,728 tofauti kwa usuli mmoja. Mnataka nini zaidi?

Kasisi_wa_Pembeni
Kitabu kinasema tabia MBILI, Bwana_Kanuni. Kwa hiyo jozi za tabia ni 28, mara 216, jibu ni 6,048. Jina lako linakusaliti.

Bwana_Kanuni
Hesabu imekaa vizuri. Hoja yangu iko palepale, sasa ina nguvu mara tatu na nusu.

Pangoni_Daima
Vijana mnajisumbua. D&D ilipotoka 1977 hakuna mtu aliyekuwa anaandika historia. Unarusha dadu, unapata mpiganaji, unaingia pangoni, unakufa, unarusha mwingine. Akifika levo ya tano ndipo anapewa jina la baba. Historia ni yale yaliyotokea mezani mbele za watu, hayo mengine ni insha.

Bwana_Kanuni
1974 mkuu. Gary Gygax na Dave Arneson, kampuni ya TSR. Ya 1977 ni Traveller, mchezo mwingine wa namna hii ila wa safari za anga, na ukiitaja Traveller umejimaliza mwenyewe, maana mule mhusika anakuja na historia nzima kabla hujacheza hata dakika moja.

Karata_Tupu
Na unaweza kufa humo humo ukiwa bado unatengeneza mhusika.

Dadu_Ishirini
Hii ni chai. Ufe kabla ya kuanza?

Karata_Tupu
Sio chai. Unaanza na kijana wa miaka 18, anajiunga na jeshi la majini la anga au na wafanyabiashara, na kila muhula ni miaka minne. Kila muhula unarusha dadu mbili kuona kama amepona. Ukishindwa, chana karatasi, anza upya. Ukipona unapata ujuzi, cheo, labda pensheni. Kishawishi kiko hapo: nibaki muhula mwingine nipate ujuzi zaidi, au nitoke sasa nikiwa hai? Matoleo ya baadaye yalilegeza, ukishindwa unaumia au unafukuzwa kazi badala ya kuzikwa.

Utamu wake ni kwamba mtu anafika mezani ana miaka 38, mguu mbovu, na anaujua mguu uliumia wapi, maana aliirusha hiyo dadu mwenyewe mikono ikitetemeka. Hakuna binti mfalme hapo. Mimi historia za namna hiyo huwa naziamini kuliko za kukaa peke yako na kalamu.

Pangoni_Daima
Ndicho ninachosema, dadu iamue.

Karata_Tupu
Hapana, wewe ulisema isiwepo kabisa. Usihamishe goli.

Jini_Mpole
Mimi nitamtetea mleta mada kidogo. Mnamcheka kwa kuua ukoo mzima, hamjamuuliza kwa nini. Wachezaji wengi ninaowajua wanaandika yatima kwa sababu wameshaumizwa.

Kampeni yangu ya kwanza niliandika dada. Kikao cha pili dada katekwa. Sawa. Kampeni iliyofuata nikaandika mama mkunga, mtu wa heshima zake. DM akamgeuza mkuu wa kundi la waabudu mapepo bila hata kuniuliza. Nikaandika mbwa. Sitaki kuzungumzia mbwa. Toka siku hiyo wahusika wangu wote wametoka hewani, hawana baba wala mjomba. Ukimpa DM mtu unayempenda umempa kisu.

Kwa hiyo urefu na vifo kwangu ni uoga tu. Mtu anaandika mengi ili pabaki padogo pa kuharibiwa.

Dadu_Ishirini
"Sitaki kuzungumzia mbwa" 😂😂 pole sana

Mama_Kampeni
Jini_Mpole umegusa penyewe, na lawama hapo ni ya sisi tunaoendesha. Meza yangu, kabla ya kikao cha kwanza huwa namuuliza kila mchezaji kwa mdomo: kati ya hawa uliowaandika, nani nisimguse, nani naruhusiwa kumtisha, na nani unatamani nimlete hata kesho? Majibu naandika pembeni ya jina. Mchezaji mmoja alinijibu "babu yangu asife, lakini naomba awe mgomvi." Babu huyo amekuwa mtu muhimu kuliko mfalme wa nchi, kila wakipita wanapeleka zawadi ili asiwatukane.

Msomaji_Kimya
Huwa nasoma tu ila leo nachangia. Mnazunguka mbali. Sababu ni maonyesho ya mtandaoni. Critical Role walianza kurusha michezo yao 2015, wale ni waigizaji wa sauti, kazi yao ni hiyo. Watu wakaona mhusika anafunuliwa siri yake, meza nzima inalia, na kila mtu akataka siku yake ya kulia. Ndiyo hizi kurasa na kurasa za majonzi.

Pangoni_Daima
Kwa hili nakupinga hata kama nakuelewa. Kurasa zilikuwepo zamani sana. Cyberpunk ya 1988, mchezo mwingine wa kuigiza, ilikuwa na majedwali ya maisha: mpenzi wako aliondokaje, adui yako ni nani, nani alimkosea mwenzake. Vampire ya 1991 ilihimiza DM akae na mchezaji mmoja mmoja wacheze maisha yake ya kabla hajang'atwa akawa mnyonya damu. Watu walikuwa wanalia mezani kabla intaneti haijafika majumbani.

Msomaji_Kimya
Walikuwa wanalia, hawakuwa wanatazamwa. Tofauti ipo.

Kasisi_wa_Pembeni
Nyote mmesahau kanuni zinalipa nini. Champions ya 1981 ilikupa pointi kwa kuwa na udhaifu: una adui anayekuwinda, pointi; una mtu anayekutegemea ambaye kila siku anatekwa, pointi. GURPS ya 1986 ikafuata njia hiyo. Matokeo yake watu wakawa na maadui, madeni na woga wa kuwa juu kwa mkupuo, wote wametengenezwa ili mtu apate nguvu za kuruka. Toleo la tano la D&D likaja na kitu laini, ukiigiza dosari yako DM anaweza kukupa Msukumo, unarusha dadu mbili unachukua kubwa. Lipa watu waandike, wataandika. Sidhani kama kuna saikolojia yoyote hapo.

Jini_Mpole
Nani alimlipa Mchora_Ramani kuchora jangwa?

Kasisi_wa_Pembeni
Huyo ni mgonjwa, hahesabiki.

Mchora_Ramani
Nawasoma. Mnaongea kama sipo.

Kitu kimoja hamjakisema. Kundi letu linakutana kwa shida, huyu kasafiri, yule ana zamu. Mimi kuandika ndiko kucheza kwangu siku ambazo hatukutani. Ile ramani ilinipa raha kuliko vikao vingine vya kampeni iliyopita. Sasa DM akisema sentensi tano ni kama anafuta mchezo wangu.

Goblini_Mstaafu
Hii hoja ina uzito, naiheshimu. Ila cheza huko peke yako, mezani leta muhtasari. Hakuna aliyekuzuia kuweka ramani ukutani.

Karata_Tupu
Mkuu nina wazo. Usitupe hata ukurasa mmoja. Fanya hivi: yote uliyoandika ni UONGO ambao Tarim husimulia watu. Akiwa kwenye kilabu cha pombe anasema alimuua mkuu wa wauaji. Anasema alipendwa na binti mfalme. Una kurasa nzima za uongo uliopangika, hakuna mwizi mwingine mwenye mtaji huo. Kazi iliyobaki ni kujua ukweli ni upi, na huo ndio unatosha sentensi tano.

Dadu_Ishirini
Aisee.

Mama_Kampeni
Hapa nimevua kofia. Mchora_Ramani jiulize tu: pale chamani alikuwa NANI hasa? Mtu wa levo ya kwanza kwenye chama cha wauaji anafanya kazi gani?

Mchora_Ramani
Nimejaribu. Msinionee huruma.

"Tarim alikuwa msafisha visu wa chama cha wauaji. Dada yake Selu bado anapika kwenye jiko la chama hicho. Mkuu wa chama alimpa Tarim upanga aupeleke kwa mhunzi, yeye akauuza na kutoroka. Aliyeununua hajui ulikuwa wa nani. Tarim huwaambia watu kwamba alimuua mkuu huyo kwa mkono wake."

Jini_Mpole
Umemfufua dada! Nimefurahi halafu nimeogopa papo hapo.

Mama_Kampeni
Sasa njoo uone DM wako anachopata hapo. Mkuu wa chama yuko hai na anasikia kuna msafisha visu anatangaza kamuua. Selu yuko jikoni kwake, hana pa kukimbilia, na pengine hajui kaka yake kafanya nini. Mnunuzi anatembea na upanga unaotafutwa na wauaji. Hao ni watu watatu wa kubisha hodi, na hakuna hata mmoja anayehitaji maelezo marefu. Sentensi ya tano ndiyo bora, maana inakupa wewe mchezaji kitu cha KUFANYA kuanzia dakika ya kwanza: kudanganya.

Neno la kuongeza: mpe Selu jambo moja analolitaka yeye. Asiwe mateka wa baadaye tu. Labda anapapenda pale. Labda amepandishwa cheo baada ya kaka kutoroka.

Bwana_Kanuni
Chagua usuli basi. Mhalifu anapata Udanganyifu na Kunyemelea. Laghai anapata Udanganyifu na Wepesi wa Mikono. Kwa huyu naona Laghai.

Kasisi_wa_Pembeni
Mhalifu anapata pia mtu wa kumpelekea habari za ulimwengu wa chini. Selu anakaa hapo hapo bila kulazimisha.

Msomaji_Kimya
Mimi natumia kitabu cha 2024, suli 16. Majedwali ya tabia na dosari bado ndiyo hayo hayo?

Bwana_Kanuni
Hapana, kwenye suli za 2024 yaliondolewa. Badala yake usuli ndio unaoamua nyongeza ya uwezo, nguvu, akili na kadhalika, na unakupa kipaji cha kuanzia. Sasa watu wanachagua usuli kwa ajili ya namba. Wachawi wote wana usuli wa Mwanazuoni, nenda kaangalie.

Pangoni_Daima
Nilisema.

Karata_Tupu
Hukusema hilo.

Kasisi_wa_Pembeni
Tuongee siri. Tarim anasema uongo, je wachezaji wenzake (wachezaji, sio wahusika) waambiwe ukweli? Mimi nasema waambiwe siku ya kwanza. Siri ambayo meza nzima haijui haichezwi, inakaa kwenye karatasi mpaka kampeni inavunjika. Wakijua, watakutega: mmoja atamleta mhusika wake aulize "hebu tuonyeshe ulivyomchoma." Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Jini_Mpole
Napinga. Kushtuka kweli hakuigizwi. Nimewahi kukaa meza ambayo siri ilitunzwa muda mrefu, ilipofunuka mtu alisimama akatoka nje kupunga upepo.

Kasisi_wa_Pembeni
Na ni siri ngapi ulizowahi kuandika ambazo hazikufika huko?

Jini_Mpole
Hilo swali la kipolisi silijibu.

Karata_Tupu
Kuna njia ya tatu. Kwenye Fate Core ya 2013 kila mtu anaandika tukio lake la kwanza, halafu karatasi inazunguka, na wenzako wawili wanaandika namna mhusika wao alivyohusika kwenye tukio lako. Unaanza kampeni tayari mnadaiana. Mchora_Ramani muombe mwenzako mmoja awepo siku upanga ulipouzwa. Ajue ukweli yeye peke yake.

Goblini_Mstaafu
Na mwingine awe ameuamini uongo kuliko wote. Yule paladini (shujaa mwenye viapo vitakatifu) wa kila kundi, mnamjua.

Dadu_Ishirini
Kwetu paladini ni mimi. Nimenyamaza.

Pangoni_Daima
Bado nauliza, kwa nini yote haya yaandikwe kabla? Blades in the Dark ya 2017 inakuruhusu katikati ya wizi useme "ngojeni, jana nilimhonga huyu mlinzi," mnarudi nyuma mnacheza hiyo jana, unalipa kwa msongo. Historia inazaliwa pale inapohitajika. Acha nafasi wazi. Sentensi tano zenyewe ni nyingi, mbili zinatosha.

Mama_Kampeni
Inategemea na mchezo mzee wangu. Call of Cthulhu toleo la saba inakutaka uandike kabla: imani yako, mtu wako wa muhimu, mahali pako, kitu unachokithamini, na kimojawapo unakiwekea alama kwamba ndicho kinachokushikilia. Akili ikianza kuyumba, mwendeshaji ana ruhusa ya kukichafua kimojawapo. Mtu aliyekuwa akimpenda mkewe anaanza kumshuku. Ukiacha pengo hapo, hakuna cha kuchafua, na mchezo wa kutisha bila kitu cha kupoteza hautishi.

Pangoni_Daima
Huo ni mchezo wa kupotezea watu akili, sisi tunazungumzia mwizi.

Mchora_Ramani
Mrejesho: nimemtumia DM. Kajibu fasta kuliko mara ya kwanza. Amemkubali Selu, amesema mkuu wa chama atampa jina yeye. Kisha kauliza: "Nani alinunua upanga?" Nijibu au nimwachie?

Goblini_Mstaafu
Mwachie. Ukiandika wewe hutashangaa.

Jini_Mpole
Jibu wewe! Ukimwachia atakuwa ni mama yako.

Bwana_Kanuni
Kabla ya nani, tuulize kwa bei gani. Mhalifu anaanza mchezo na dhahabu 15 kwenye mfuko, Laghai pia. Upanga mfupi kwenye kitabu ni dhahabu 10, na silaha ukiuza unapata nusu, yaani 5. Hata ule mwembamba wa kuchomea, bei 25, ukiuza ni 12 na nusu. Hazifiki 15. Kwa hiyo ama upanga haukuwa wa kawaida, ama kuna hela nyingine Tarim hajatuambia ilikotoka.

Mama_Kampeni
Bwana_Kanuni leo umeandika hadithi nzuri kuliko sisi wote. Mchora_Ramani, mrudishie DM swali hilo kama lilivyo.

Pangoni_Daima
Au alizikuta barabarani. Mbona mnapenda makuu?

Kasisi_wa_Pembeni
Au ni akiba ya Selu.

Jini_Mpole
Kasisi, hapana. Tafadhali hapana.

Mchora_Ramani
Kasisi nimekusoma. Na sitamwambia DM, hii nitaitunza mwenyewe.

Kasisi_wa_Pembeni
Mwambie DM! Tumetoka kuongea nini hapa?